Zamu ya Babu

Jumamosi hiyo Nurdini aliwapa watoto chai ya rangi na maandazi, akamsuka Manal mabutu mawili yasiyolingana, kisha akatia kufuli kwenye karakana yake ya bati. Faris, mtoto wake mkubwa, alitaka wapande bodaboda. Dereva wa kijiweni, aliyekuwa akifuta taa ya pikipiki, alisikia.

"Wewe na baba nitawapeleka, Faris," alisema. "Manal nampenda, lakini ile tairi ya mwezi uliopita bado inaniuma."

"Nitatembea tu," Manal akasema.

Alikuwa na miaka sita, mwembamba kama watoto wengine wa mtaa ule. Akitembea, viatu vyake vilizama mchangani hadi kwenye vifundo. Njia yote kutoka nyumbani hadi relini ilikuwa na mashimo ya nyayo zake, na kuku walikuwa wameyazoea, wakiyatumia kuogea vumbi.

Uzito ulimwanza siku ya mazishi ya mama yake.

Mama yake, Nunu, alikuwa binti wa Mzee Humaidi, ambaye ukoo wake ulitoka Omani zamani na kufanya biashara Tabora kabla reli haijafika. Nurdini alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo na mabomba ya moshi ya warina asali, na wateja wake walitoka hadi Goweko. Alipopeleka posa, Humaidi alisema binti yake hawezi kuolewa na mtu ambaye babu yake aliingia mjini akiwa na mzigo wa babu wa Humaidi kichwani. Nunu akaozeshwa na kadhi. Tangu siku hiyo baba yake hakutamka jina lake, na Nunu alipika mkate wa mofa kila Ijumaa kwa namna ya kwao, akaula na mumewe na watoto.

Alikufa mvua zilipokuwa zikiisha, kwa ugonjwa wa figo.

Katika mtaa wao jeneza halibebwi na watu wanne. Mtu hutoa bega, hupiga hatua chache, mwingine huja nyuma yake, humgusa mgongoni na kumpokea, na hivyo jeneza hupita juu ya watu wote hadi makaburini. Pembe ya mbele, ya kulia, huanzwa na baba wa marehemu akiwa hai. Walimsubiri Humaidi mpaka jua likapinda. Akaja mwanawe wa kiume, Fauzi, kaka wa Nunu, akasema mguu unamsumbua mzee, na kwamba yeye mwenyewe ana wageni wa mradi wanaomngoja. Akatoa pole, akaondoka.

Waliponyanyua jeneza kutoka mkekani, kabla halijafika mabegani lilipita kwanza kwenye kimo cha mtoto. Pembe ya kulia ililegea, maana kila mtu alimwachia mwenzake. Manal, ambaye wanawake walidhani yuko jikoni, akaingia chini yake na kutoa bega. Jirani mmoja, akitaka kuwapunguzia watu majonzi, akasema, "Haya, mjukuu kashika zamu ya babu yake." Watu wakatabasamu. Wakamsogeza mtoto pembeni, mtu mwingine akashika pembe, wakaenda. Katika haraka ile hakuna aliyemgusa mgongo akampokea. Walimsogeza tu.

Jioni hiyo Manal alisinzia mlangoni. Nurdini alitaka kumpeleka kitandani na hakuweza kumwinua. Aliita ndugu zake wawili, wakashindwa pia. Wakamfunika kanga ya mama yake na kumwacha palepale, na Nurdini akatandika mkeka karibu naye.

Tangu hapo ndivyo walivyolala. Manal alisinzia alipofikia, jikoni, uani, siku moja kwenye ngazi ya duka la mafuta ya taa, na Nurdini akamfuata na mkeka. Zahanati walimpandisha kwenye mizani, mizani ikalala na haikuinuka tena. Muuguzi akasema ni mbovu, akatoa dawa ya minyoo. Waliokuja kutoa pole walijaribu kumnyanyua kabla ya kuketi, kama watu wanavyonawa mikono kabla ya kula. Mtoto mwenyewe hakulalamika kuumwa popote. Ila jioni, watoto wa jirani walipobebwa kuingizwa ndani, alisimama mbele ya baba yake na kunyoosha mikono juu. Nurdini aliinama, akamkumbatia, akajaribu, akashindwa. Manal akashusha mikono, akaingia ndani kwa miguu yake.

Mwalimu wa madrasa aliposikia habari yote hakufikiri sana. "Zamu ya mtu hurudi kwa mwenyewe," alisema. "Babu yake ampokee, hata kwa pumzi moja. Atakurudishia mwepesi."

Nurdini alikwenda mara kadhaa kwenye nyumba ya Humaidi. Kila mara aliambiwa mzee amelala. Kisha ikatangazwa redioni kwamba sehemu ya chini ya nyumba hiyo imefanywa makumbusho ya watoto, inaitwa Nyumba ya Msafara, na Jumamosi milango iko wazi kwa kila mtoto na mzazi wake.

Mlangoni walimkuta mlinzi, Marko, Mgogo wa Manyoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Juu yake paliandikwa kwa rangi: GUSA, BEBA, CHEZA.

"Humu hakuna kukatazwa," Marko aliwaambia watoto. "Mkiona kitu, shikeni. Asiyeshika namtoa nje."

Uani palikuwa na njia iliyochorwa sakafuni kwa rangi nyekundu, ikianzia Bagamoyo kwenye bomba la maji na kuishia Ujiji kwenye beseni kubwa lenye mashua za plastiki. Katikati, Tabora ilikuwa kichuguu cha saruji chenye ubao wa kuteleza. Kulikuwa na ngoma za kupiga, kengele za punda, na rundo la mizigo ya watoto kubeba: pembe za ndovu za plastiki, majora ya nguo, mafurushi ya chumvi. Ndani yake yote palijazwa sponji. Watoto waliitwika vichwani, wakakimbia nayo hadi Ujiji na kurudi, wakipigana nayo njiani.

Fauzi alikuwa katikati yao na kipaza sauti, amevaa fulana ya manjano.

"Oyaa, watoto wa Unyanyembe! Nani anataka kuwa mpagazi?"

"Mimiii!"

"Nani amechoka?"

"Hakunaaa!"

Alipomwona Nurdini alishusha kipaza sauti. "Shemeji, karibu. Umefanya vizuri kuwaleta. Unaona sponji? Ni wazo langu. Historia isiwe nzito kwa watoto."

"Mzee yupo?" Nurdini akauliza.

"Yupo roshani. Waache wacheze kwanza."

Ukutani palikuwa na ubao wenye picha ya msafara, wenye matundu ya kutumbukiza nyuso ili kupigwa picha. Tundu moja lilikuwa la bwana aliyepanda punda, mengine ya wapagazi. Foleni ya tundu la bwana ilizunguka hadi kwenye choo. Faris alipanga foleni hiyo. Alipochoka kusubiri aliingiza uso kwenye la mpagazi wa mwisho, ambalo halikuwa na mtu, na baba yake akampiga picha kwa simu.

Manal alikuwa amekwenda kwenye mizani. Ilikuwa mizani kubwa ya mti, iliyotundikwa kwa minyororo kwenye boriti ya zamani, ina bao la kukalia upande mmoja na bao la mizigo upande wa pili. Mtoto mmoja alikaa, wenzake wakapakia pembe na mafurushi mpaka akapaa, wakashangilia. Kwa ajili hiyo mizigo ya upande huu ilijazwa mchanga wa kweli. Manal akakaa. Bao lake likashuka mpaka sakafuni kwa utulivu. Watoto wakapakia pembe zote. Wakapakia chumvi, nguo, ngoma mbili, na kengele. Kisha wakapanda wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakabanana kwenye bao la pili kama mbuzi kwenye lori, na bado wao ndio waliokuwa juu.

"Dada huyu anakula nini?" msichana mmoja aliuliza kutoka juu.

"Maandazi," Manal akasema.

"Na sisi tunakula maandazi!"

"Labda ya kwenu yana tundu."

Wakacheka, na yeye akacheka. Nurdini hakuwa amemsikia akitania mtu tangu mama yake afe. Alisimama na simu mkononi, akasahau kupiga picha.

Fauzi alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mizani imepata bingwa. Wazazi wakakusanyika. Kijana mmoja mwuza tumbaku wa Usoke, aliyeleta watoto wa dada yake, akakunja mikono ya shati na kujaribu kumnyanyua Manal kwa makwapa. Akaachia, akajishika kiuno. "Huyu amejazwa," alisema kwa heshima.

Roshani ilikuwa juu ya mizani. Mzee Humaidi alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi, mguu umewekwa kwenye stuli, kikombe cha kahawa kando. Nurdini akasogea mpaka chini yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Huyu ni Manal. Wa Nunu."

Humaidi aliangalia chini. Alikuwa na macho kama ya Nunu, ya kahawia iliyofifia. "Nimemwona," alisema.

"Nadhani umesikia tatizo lake."

"Mji mdogo huu. Nimesikia."

"Baba, sikuja kudai wala kulaumu. Ni kumpokea tu. Umguse mgongo, umwinue kidogo, basi. Tutakwenda zetu na hatutakusumbua."

Humaidi akanywa kahawa mpaka mwisho. "Mguu wangu mbovu, Nurdini."

"Nitakushika."

"Mtu wa kwetu hashikwi akiteremka ngazi." Akageuza shingo. "Fauzi! Mtoto ameelemewa hapo. Tafuta watu."

Fauzi akatafuta watu. Walikuja vijana wa kupakua mizigo kutoka maghala ya jirani, wenye vifua vipana, na kamba na mti mrefu wa kubebea. Walipitisha kamba chini ya bao, wakaingiza mti, wakasimama wawili mbele na wawili nyuma. Wakahesabu pamoja, wakainua. Mti ukakatika. Manal akawaambia pole. Wakaleta mwingine wa mninga, nao ukapinda na vijana wakazama kwenye saruji kiasi cha kidole. Wakaomba maji, wakanywa, wakasema kazi hii si yao.

Ndipo Mzee Humaidi akateremka. Alishuka mwenyewe, ngazi moja moja, mkono ukutani, na watu wakampisha. Hakuchechemea zaidi ya mzee mwingine yeyote wa umri wake. Akasimama mbele ya mjukuu wake, na kwa mara ya kwanza wakawa karibu kiasi cha kunusana. Alinukia udi.

"Unaitwa nani?"

"Manal Nurdini."

"Unasoma?"

"Nasoma. Juzuu ya kwanza nimemaliza."

"Mama yako alikuwa akikufunza?"

"Alikuwa akinibeba," Manal akasema.

Hata watoto waliokuwa Ujiji waliacha kurushiana maji. Humaidi akanyoosha mkono, na Manal alipouona ukija akasimama juu ya bao na kuinua mikono yake yote miwili, vidole vimeachana, kama alivyofanya kila jioni mbele ya baba yake.

Humaidi akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa tende mbili zilizofungwa kwenye karatasi. Akaziweka kwenye kiganja kimoja cha mtoto na kukifunga kwa vidole vyake, taratibu, kama mtu anayefunga sanduku la vikombe.

"Kula," alisema. "Za Omani hizo."

Akageuka, akapanda ngazi.

Manal alibaki na mikono juu kwa muda, tende ndani ya ngumi. Kisha akaishusha, akampa kaka yake tende moja, akala nyingine, akatafuta pa kutupa kokwa. Fauzi aliwasha kipaza sauti na kusema kwamba sasa ni zamu ya ngoma.

Walitakiwa kuondoka saa za kufunga, lakini Manal alikuwa amelala juu ya bao la mizani, shavu kwenye mnyororo. Marko hakuwa na la kufanya. Alifagia sponji zilizopasuka, akafunga choo, akamwazima Nurdini kiti chake.

Magharibi ilipoadhiniwa wakaja wapagazi. Walikuja kila jioni tangu nyumba ilipofunguliwa upya, kwa sababu walizoea kutua hapo wakati wa uhai wao. Waliingia kwa mlango wa mbele, mmoja nyuma ya mwingine, wenye vumbi hadi kwenye nyusi, mizigo mabegani. Mbele alitangulia kirangozi, yule anayeongoza njia, na manyoya yake kichwani.

"Mgogo!" alimwita Marko kutoka mlangoni. "Bado umeziba njia? Leo unataka hongo gani ya kupita?"

"Ya kupangusa miguu," Marko akajibu. "Nimepiga deki sasa hivi."

"Zamani mlituuzia maji, leo mnatuuzia sakafu. Mtakufa na njaa zenu Ugogo."

"Na nyie mmeshakufa, na bado mnatembea tu. Wanyamwezi hata kupumzika hamjui."

Wapagazi wakacheka, wakapangusa miguu, wakatua. Faris alipeleka jagi la maji kwa kirangozi, maana alifundishwa hivyo na mama yake, kirangozi akanywa na kumrudishia kikombe kwa mikono miwili.

Wakauona mzigo uliolala kwenye mizani. Mmoja akaenda kuusaidia bila kuulizwa, kwa mazoea, na kirangozi akamzuia. Aliinama, akaweka kiganja chini ya mgongo wa Manal, akasikiliza kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuutwika. Akatoa kiganja.

"Huu una mwenyewe," alisema.

"Najua," Nurdini akasema. "Hamwezi hata kuusogeza?"

"Kaka, sisi tulipokwenda, kila mzigo ulifungwa kwa mtu wake. Ukiuchukua wa mwenzio naye yu hai, kesho safari nzima inakwenda upande. Mwenyewe yu hai?"

"Yu hai. Yuko juu."

Kirangozi akatazama roshani, ambako Mzee Humaidi alikuwa akifunga madirisha kwa sababu ya mbu.

"Hata enzi zetu mwenye mzigo alikuwa juu," alisema.

Hawakuondoka. Waliketi kumzunguka mtoto mpaka alipoamka mwenyewe baada ya isha na kuuliza wanakwenda nyumbani saa ngapi. Walitangulia mbele yake barabarani, wakikanyaga mchanga kwa pamoja ili uwe mgumu, na miguu yake haikuzama sana. Aliuliza majina yao, wakamtajia. Walipofika relini wakasimama. Reli ilikuja baada yao, nao hawakuwa na desturi ya kuivuka. Nurdini akawashukuru, akavuka na watoto wake, na upande wa pili Manal akazama tena hadi vifundoni.

Siku mbili baadaye Fauzi alikuja karakana. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaangalia mabomba ya moshi, akayasifu. Kisha akasema watoto waliokuja Jumamosi wanamwulizia bingwa wa mizani, na shule mbili zimepiga simu.

"Mlete kila wiki, shemeji. Atakaa tu pale, wenzake watajaribu kumnyanyua. Watajifunza uzito wa mzigo ni nini. Hata mzee amekubali."

"Amesemaje hasa?"

Fauzi akafikiri. "Amesema, 'Aje.'"

Nurdini alikata bati mpaka mwisho wa mstari. Aliwaza kukataa. Aliwaza pia kwamba kutoka roshani hadi kwenye mizani ni ngazi chache, na kwamba hapakuwa na mahali pengine katika mji ambapo mtoto wake angeweza kukaa kutwa nzima chini ya macho ya babu yake.

"Tutakuja," alisema.

Kwa hiyo Manal yupo Nyumba ya Msafara kila Jumamosi. Amewekewa mto mwekundu juu ya bao, na karibu naye pamebandikwa kibao kisemacho: MZIGO HALISI. JARIBU. Watoto wa shule hupanga foleni. Baadhi yao amezoeana nao, wanamletea ubuyu, na wanapokuwa wachache hucheza naye kombolela, yeye akiwa mwenye kuhesabu, kwa kuwa nyayo zake zinamtaja alipojificha. Anasoma juzuu ya pili. Mama mmoja alimsuka vizuri, mistari sawasawa.

Nurdini hukaa ukutani na mkeka. Humwachia kila mtu mzima anayeingia ajaribu, maana huwezi kujua. Saa za kufunga zikikaribia, hutokea mtu wa mwisho kujaribu, akashindwa, akapongezwa.

Kisha dirisha la roshani hufunguka, na Mzee Humaidi huinamisha kichwa.

"Marko. Yuko aliyeweza leo?"

"Hakuna, mzee."

Humaidi hutafakari. Kwa macho yake ya kahawia humtazama mjukuu wake, ambaye kwa saa hiyo huwa amekwisha kusinzia, mdomo wazi kidogo, na huonekana kumsikitikia kwa moyo wake wote.

"Basi," husema. "Wiki ijayo waje wenye nguvu zaidi."